Kumbukumbu za Safari Rally: Namna ya Kuzisaka na Kuzichunguza Ukiwa Tandahimba

Mnunuzi wa chuma chakavu hufika kila kijiji cha Tandahimba na Newala. Ana mizani yake, ana magunia yake, na kwake kila kitu ni kilo. Bawaba ya mlango, sufuria iliyotoboka, kibao cha namba cha gari lililokufa zamani, beji iliyokuwa mbele ya Peugeot, vyote vinaingia gunia moja na kwenda kuyeyushwa. Makala hii ni kwa msomaji anayetaka kumtangulia: aliyevutiwa na mashindano ya magari ya zamani ya Afrika Mashariki, anayetaka kukusanya kumbukumbu zake na kuzijua kwa undani bila kudanganywa.

Mashindano yenyewe yalianza mwishoni mwa Mei 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na ndiyo maana yaliitwa Coronation Safari. Magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye barabara zilezile walizotumia wenye mabasi na malori. Mwaka ule wa kwanza yaligawanywa madaraja kulingana na bei yake dukani, wala hakukuwa na mshindi mmoja wa jumla, ingawa Alan Dix na Johnny Larsen hutajwa mara nyingi kwa kuwa Volkswagen yao ilipata adhabu chache kuliko wengine. Kuanzia 1960 jina likawa East African Safari. Baadaye mashindano yakabaki Kenya peke yake, na katikati ya miaka ya 1970 yakaitwa Safari Rally.

Tanzania ina sehemu yake kubwa katika historia hii, na inasikitisha kuona vijana wetu wengi hawaijui. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na tena 1967 akiwa na mwelekezi wake Chris Rothwell, mara zote mbili kwa Peugeot 404. Mwaka 1972 magari yalianzia Dar es Salaam, na mwaka huohuo Hannu Mikkola na Gunnar Palm walishinda kwa Ford Escort, wakawa wageni wa kwanza kutoka ng'ambo kuwashinda wenyeji. Kabla yao kila ushindi ulikuwa wa watu wa hapahapa, akiwemo Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544, kisha akarudia 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano: 1973, halafu mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982.

Kwa mkusanyaji, miaka miwili ina uzito wa pekee. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Mara zote mbili waliotangulia walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff kwa Peugeot 404. Miaka hiyo mashindano yalifanyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamekolea, na anayejua udongo wa barabara zetu mwezi wa Aprili hahitaji kuelezwa kilichotokea. Kitu chochote cha kweli kutoka kwenye gari lililomaliza miaka hiyo ni adimu sana.

Vitu gani vya kutafuta

Watu wakisikia habari za kukusanya hufikiria magari mazima na vikombe. Hivyo viko kwa matajiri na kwa viwanda vyenyewe. Datsun 240Z iliyoshinda 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, kwa mfano, iko Japani katika hazina ya magari ya kale ya Nissan. Mkusanyaji wa kawaida anatafuta vitu vidogo: mabati yenye jina la mashindano yaliyofungwa mbele na nyuma ya gari, stika za namba za mlangoni, kitabu cha njia alichosomea mwelekezi, kadi ya muda iliyogongwa mhuri kila kituo, kijitabu cha programu kilichouzwa kwa watazamaji, beji za viongozi wa vituo, picha, kalenda za makampuni ya mafuta na matairi, na kurasa za magazeti.

Mimi huweka karatasi mbele ya chuma. Kadi ya muda yenye mihuri na maandishi ya mkono inakuambia gari lilifika wapi, saa ngapi, na lilichelewa dakika ngapi, mambo ambayo bati zuri linalong'aa haliwezi kukuambia hata moja. Na karatasi ndizo zinazopotea haraka, kwa sababu hakuna anayeziona kuwa mali.

Anayeanza na fedha kidogo aangalie stempu. Shirika la Posta la Afrika Mashariki lilitoa seti ya Safari mwaka 1965, na mwaka 1977 zikatoka nyingine za kuadhimisha miaka 25 ya mashindano. Zilichapwa kwa wingi, kwa hiyo bei yake haitishi, na zilizobandikwa kwenye bahasha yenye mhuri wa posta unaosomeka zina habari zaidi ya zile safi. Kuna pia magari ya kuchezea: Corgi ya Uingereza ilitengeneza Volkswagen nyekundu ya East African Safari miaka ya 1960, ikiuzwa pamoja na kifaru, na baadaye Datsun 240Z. Kifaru hupotea mara nyingi, hivyo seti iliyokamilika ina bei nyingine kabisa. Ukiagiza kutoka nje, uliza kwanza gharama ya posta na kodi, maana zinaweza kuipita bei ya kitu chenyewe.

Kwa nini utafute huku kusini

Utaulizwa: Safari ilihusiana nini na Tandahimba? Vitu hufuata watu. Wazee wengi wa uwanda wetu wa Makonde walikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wengine bandarini na kwenye magereji ya Dar es Salaam. Mradi wa karanga wa Nachingwea, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1940, ulileta matrekta na mitambo mingi kusini, na palipo na mitambo pana mafundi. Ndanda nako wamisionari walikuwa na karakana zao. Fundi aliyezeeka na kurudi nyumbani alirudi na sanduku la bati, na ndani ya sanduku hilo mlikuwa na spana, barua, picha na pengine beji aliyopewa na mwenye gari. Sanduku hilo mara nyingi bado liko chumbani, chini ya kitanda, na wajukuu hawajui kilichomo.

Usiende moja kwa moja ukitaja fedha. Nenda kwa mwenye nyumba, toa shikamoo, kaa, na umuulize mzee kazi aliyofanya ujanani, gereji ipi, magari gani, bosi nani. Akitaja Peugeot 404 au Ford Zephyr, muulize kama aliwahi kuyaona yakishindana au kuyatengeneza usiku yapate kuondoka alfajiri. Maswali ya namna hii hufungua sanduku lenyewe. Kama mzee hayupo tena, zungumza na bibi, kisha na watoto wakubwa wote, si na kijana mmoja mwenye haraka ya kuuza. Kitu cha marehemu ni cha familia, na ununuzi uliofanyika nyuma ya ndugu huleta ugomvi hadi kwa mtendaji wa kijiji. Mkikubaliana, andikeni hati ya mauziano yenye majina, tarehe, maelezo ya kitu na saini za mashahidi. Hati hiyo inakulinda wewe, na ndiyo ukurasa wa kwanza wa historia ya kitu hicho mikononi mwako.

Siku hiyohiyo andika alichosema mzee. Mwombe ruhusa, mrekodi kwa simu, taja tarehe na kijiji mwanzoni mwa sauti. Sisi wa uwanda huu tuna sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alifika Newala, akakusanya vinyago na vyombo na kurekodi nyimbo, na mkusanyo wake ukaenda Leipzig. Vingi kati ya vitu vilivyobebwa kutoka Afrika enzi hizo vilihifadhiwa bila jina la aliyevichonga au aliyevivaa. Ukichukua beji ya fundi wa Tandahimba bila kuandika jina lake, umefanya kosa lilelile, na wewe huna kisingizio cha kutoijua lugha yake.

Kutambua cha kweli na cha bandia

Mashindano ya Safari yamerudi kupendwa. Tangu 2003 kuna mashindano ya magari ya kale yanayopita njia za zamani, na mwaka 2021 Safari Rally ya Kenya ilirudi kwenye ubingwa wa dunia. Watu wakipenda kitu, wachapishaji wa bandia huamka. Kipimo cha kwanza ni majina na miaka. Bango linalosema Coronation Safari la mwaka 1968 ni la uongo, kwa kuwa jina hilo lilikuwa limeachwa miaka minane nyuma. Karatasi ya mwaka 1962 inayotaja Tanzania ni ya uongo pia. Muungano ulikuwa Aprili 1964, na jina la Tanzania likaanza kutumika baadaye mwaka huohuo. Ukiona msimbo wa mistari wa dukani au anwani ya barua pepe kwenye kitu kinachodaiwa kuwa cha 1965, rudisha fedha yako mfukoni.

Kipimo cha pili ni kioo cha kukuzia. Picha iliyochapwa mtamboni zamani ina vidoa vilivyopangika kwa safu. Iliyotolewa kwa printa ya siku hizi ina vitone vya wino vilivyotawanyika. Beji ya enameli ya kweli ni ngumu na baridi kama glasi, na rangi yake haikwanguliki kwa ukucha. Kutu ya miaka mingi imekula ndani na ina rangi ya kahawia iliyoiva, wakati kutu iliyolazimishwa kwa tindikali ni ya rangi ya chungwa, imesambaa sawasawa na hutoka kwa kidole. Tazama matundu ya skrubu pia: bati lililowahi kufungwa kwenye gari lina alama za kuminywa kuzunguka matundu. Kwa magari ya kuchezea, ogopa zaidi boksi kuliko gari, maana maboksi ya kuigiza ni mengi.

Kipimo cha tatu, nacho ndicho kinachonifurahisha kuliko vyote, ni kulinganisha na kumbukumbu zilizoandikwa wakati ule. Namba ya mlangoni hutolewa upya kila mwaka, kwa hiyo namba peke yake haithibitishi lolote. Inabidi ikubaliane na mwaka, jina la dereva, la mwelekezi na aina ya gari. Magazeti ya wakati huo yalichapisha orodha za washindani na matokeo. Kwa Tanzania tafuta Tanganyika Standard, ambalo baada ya kutaifishwa lilikuja kuungana na Nationalist na kuwa Daily News mwaka 1972. Nakala za zamani zitafute Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na katika hazina ya East Africana ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa Kenya kuna East African Standard na Daily Nation, na unaweza kuanzia Nyaraka za Taifa za Kenya, Moi Avenue, Nairobi. Kwa picha, kumbuka Camerapix, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1963 na Mohamed Amin. Kabla ya kusafiri, andika tarehe unazozihitaji: wiki moja kabla ya Pasaka na wiki moja baada yake. Ukiingia maktaba bila tarehe, siku nzima itaishia kwenye mafaili.

Utunzaji katika hali yetu

Ushauri wa vitabu vya Ulaya haukujui wewe unayeishi chini ya bati la Tandahimba. Adui wetu wa kwanza ni mchwa, wa pili unyevu wa masika, na wa tatu ni salfa. Salfa ya unga tunayopulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga inaharibu kumbukumbu vibaya. Hufanya fedha na shaba kuwa nyeusi, na ikichanganyika na unyevu hutengeneza tindikali inayokula karatasi na chuma. Usihifadhi kitu chochote kwenye chumba kimoja na mifuko ya salfa au bomba la kupulizia, na wakati wa kupulizia funga masanduku yako vizuri. Nawa mikono na ubadilishe nguo za shambani kabla ya kugusa mkusanyo.

Karatasi na picha ziweke kwenye bahasha za karatasi nyeupe, kisha ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, juu ya kichanja kisichogusa ukuta wala sakafu. Usitumie selotepu wala gundi. Usitie laminesheni hata kidogo. Joto lake huunguza picha, nayo yenyewe haiwezi kutenguliwa. Chuma kipanguse kwa kitambaa kikavu na mafuta mepesi ya mashine, na usikipake rangi upya. Rangi iliyobanduka njiani Mbulu au Usambara mwaka 1966 ina thamani kuliko rangi mpya ya dukani. Kila kitu kipe namba, na kwenye daftari andika namba hiyo, ulikipata wapi, kwa nani, lini, na alichokisimulia mwenyewe. Piga picha kurasa za daftari, uzihifadhi mahali pa pili.

Wazee waliozitengeneza Peugeot hizo wanapungua kila mwaka. Kama kwenu yupo mmoja, nenda ukamwone kabla ya msimu ujao wa korosho. Na ukipata kitu chenye jina la Mtanzania aliyeshiriki Safari, awe dereva, mwelekezi, fundi au karani wa kituo, kabla ya kukiuza nje ya nchi wasiliana na Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam, wanaohifadhi hata magari aliyotumia Mwalimu Nyerere, uwape nafasi ya kukiona na kukipiga picha.