Bonasi Imefika, Je, Kogo Amekula?

Maandiko: Marko 7:9–13; 1 Timotheo 5:4, 8

Bonasi ya majani chai ikilipwa tunaleta zaka kwa furaha, na ni vyema. Lakini Yesu aliwakemea waliosema mali yao ni Korbani, yaani imetolewa kwa Mungu, huku baba na mama wakikosa msaada. Sadaka haifuniki njaa ya mzazi.

1. Dawa. Presha na sukari zinataka dawa kila siku. Mzee akiruka siku kwa kukosa pesa, anaweza kupooza. Ukipiga simu nyumbani, usiulize tu "mko salama?" Uliza, "dawa zimebaki ngapi?"

2. Bima. SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Malipo yako hayamfuniki mzazi, msajili, umlipie.

3. Kuwa naye. Aliyefika miaka 70 anaweza kuandikishwa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Tunashukuru. Lakini pesa hiyo haitamchotea maji wala kumshika mkono hadi Longisa au Kapkatet.

Mara nyingi mzigo huu anaachiwa dada mmoja, wengine tunasema "tutaomba." Hiyo si haki. Tuombe, kisha tugawane.

Kazi ya wiki: Kaeni kama ndugu, muandike nani ananunua dawa, nani analipa SHA, nani anampeleka kliniki.

Maombi: Bwana, tusikuheshimu kwa midomo tukiwasahau waliotuzaa. Amina.