PRESHA YA MTOTO ALIYE KWENYE MASHINE YA FIGO

Wengi wetu hudhani presha ni ugonjwa wa wazee. Hasha! Mtoto ambaye figo zake zimeshindwa na kazi huugua presha pia, tena sana. Siku hizi mashine za kusafisha damu zipo hata kwetu, katika hospitali kuu za kaunti za Kitui na Makueni. Kwa hivyo si ajabu ukaketi dawati moja na mgonjwa kama huyu.

1. Presha inatoka wapi?
Figo ndizo hutoa maji na chumvi ya ziada kwa njia ya mkojo. Zikishindwa, maji hubaki kwenye damu. Mishipa hujaa, nao moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu. Isitoshe, figo mbovu huweza kutoa kemikali zinazofanya mishipa ibanwe.

2. Mizani husema kweli
Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tuseme mtoto alitoka kwenye mashine Jumatatu akiwa na kilo 25, akarudi Alhamisi na kilo 26 na nusu. Hiyo nyongeza sio unene, ni maji! Daktari humwekea uzito wa kufikia, uitwao uzito mkavu. Kwa kuwa mtoto hukua, uzito huo hupangwa upya mara kwa mara. Maji mengi yakitolewa haraka, presha huanguka na misuli hukakamaa. Ndiyo maana kipindi kimoja huchukua kama saa 4.

3. Chumvi kwanza
Haba na haba hujaza kibaba. Chumvi huleta kiu. Kumnyima maji mtoto aliyekula krips ni kumwonea bure, hasa katika joto letu la Ukambani. Visima vingi huku vina maji ya chumvi, basi ya mvua ni afadhali. Jihadharini na chumvi mbadala ya dukani: nyingi ina potasiamu, ambayo ikizidi huweza kusimamisha moyo. Hata maembe yetu matamu yana potasiamu, kwa hivyo daktari aulizwe kwanza.

4. Kupima na dawa
Mkanda mdogo kuliko mkono hutoa kipimo cha juu kisicho cha kweli. Mkono uliotengenezewa mshipa wa mashine usifungwe mkanda kabisa. Kwa mwenye miaka 13 na zaidi, 130/80 ni presha tayari. Kwa wadogo hutegemea umri, jinsia na urefu. Vidonge visirukwe. Muulizeni daktari kama siku ya mashine humezwa kabla au baadaye.

Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, pumzi ikikatika au degedege likitokea, ni hospitali mara moja.

Wenzangu, tusimcheke anayekunywa maji kwa kikombe kidogo, wala tusimshawishi kwa chipsi zetu. Nanyi walimu wetu, akikosa darasa siku ya mashine, mwekeeni noti. Anataka kuishi, na anataka kusoma pia.

Zoezi
(a) Mtoto ameongeza kilo 2 tangu kipindi kilichopita. Amebaki na lita ngapi za maji?
(b) Kwa nini tunapunguza chumvi kabla ya kupunguza maji?