Joto, Baridi na Dawa za Mifugo: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kuogesha na Kutibu

Kipimo cha dawa hupangwa kwa uzito wa mnyama. Lakini mnyama aliyeswagwa juani na kukosa maji anaweza kudhurika kwa kipimo kilekile kinachomfaa mwenzake aliyepumzika kivulini.

Kwa nini hali ya hewa ina uzito

*Ngozi.* Wakati wa joto, mishipa ya damu ya ngozi hutanuka ili kuupoza mwili. Dawa ya kupe hupenya ngozi na kuingia kwenye damu kwa urahisi zaidi.

*Figo.* Mwili ukipungukiwa maji, damu inayofika kwenye figo hupungua. Gentamisini, dawa ya kuua bakteria ambayo hutolewa na figo, hukaa mwilini muda mrefu zaidi na huweza kuziharibu.

*Kujirekebisha.* Zailazini, dawa ya kumtuliza mnyama, hudhoofisha uwezo wake wa kudhibiti joto la mwili. Juani huzidiwa na joto. Kwenye baridi mwili hupoa mno. Amitrazi, iliyomo katika baadhi ya dawa za kupe, huleta madhara yanayofanana na hayo ikiingia mwilini kwa wingi.

Siku ya josho

- Wanyweshe maji kwanza, kisha wapumzike. Mwenye kiu hunywa maji ya josho.
- Ogesha asubuhi, jua halijawa kali. Usiogeshe jioni ya baridi, wakalala wakiwa wamelowa.
- Usiogeshe wenye homa wala waliochoka kwa safari.
- Wakitoka, wakauke kivulini bila kusongamana. Usiwaswage mbali.

Dalili za hatari

Udenda mwingi, machozi, kuharisha, misuli kutetemeka na kupumua kwa shida ni dalili za sumu ya dawa za kupe za jamii ya oganofosfeti. Kusinzia, kuyumba na mwili kupoa huonekana kwa amitrazi.

Hatua za kuchukua

Mpeleke mnyama kivulini. Vaa glavu, umwoshe kwa maji mengi na sabuni. Mwite daktari wa mifugo mara moja, na umwonyeshe chupa yenye lebo. Atropini hutibu sumu ya oganofosfeti, lakini haifai kwa sumu ya amitrazi. Kwa hiyo usitupe chupa kabla kundi lote halijakauka na kurudi malishoni salama.