Kufundisha Vita vya Mtandaoni Bila Kompyuta

Mwanachuo aendapo katika mazoezi ya kufundisha, iwe Musoma mjini, Bunda au Butiama, atakuta watoto waliokwisha kusikia habari za wadukuzi. Wengi wamezipata katika mabanda ya gemu. Katika gemu iitwayo Watch Dogs, iliyotolewa mwaka 2014, mchezaji huweza kuzima taa za jiji la Chicago kwa kutumia simu tu. Mtoto huondoka akidhani kwamba udukuzi ni uchawi, na kwamba hauna mwenye kuumia. Somo hili la Darasa la Sita lakusudia kuziondoa dhana hizo mbili.

Madhumuni: Mwanafunzi aweze kueleza jinsi huduma ya mtandaoni inavyozuiwa, na kutofautisha shindano na uhalifu.

Vifaa: Meza moja, kadi 10 zenye hesabu fupi, na kadi 20 tupu.

Hatua ya kwanza. Mwanafunzi mmoja awe karani, akae mezani. Wenzake 5 wapange foleni, kila mmoja na kadi ya hesabu. Karani ajibu na kurudisha kadi. Darasa lihesabu ni wangapi wamehudumiwa kwa dakika mbili.

Hatua ya pili. Wanafunzi 5 wengine washike kadi za hesabu zilizosalia. Safari hii wachanganyike na wenzao 20 wenye kadi tupu. Mwenye kadi tupu akifika mezani aulize swali lisilo na maana, kisha arudi nyuma ya foleni. Baada ya dakika mbili mwalimu aulize: Je, meza imevunjwa? Karani ameibiwa? La. Hata hivyo, wenye haja hawakuhudumiwa.

Hapa mwalimu aeleze tukio la kweli. Mwezi Julai 2023, mtandao wa eCitizen wa serikali ya Kenya, wenye huduma zaidi ya 5,000, ulifurikwa na maombi ya uongo. Watu walishindwa kuomba pasipoti na viza. Kikundi kilichojiita Anonymous Sudan kilidai kuhusika, na mwaka 2024 waendesha mashtaka wa Marekani waliwashtaki ndugu wawili wa Sudan. Waziri mhusika wa Kenya alisema hakuna taarifa zilizopotea. Mambo yalikuwa kama mezani petu: hakuna kilichovunjwa, lakini njia iliziba.

Hatua ya tatu. Wanafunzi wabuni kinga. Wengine watasema liongezwe dirisha la pili. Wengine awekwe mlinzi wa kukagua kadi. Mwalimu asikubali upesi. Amwagize mlinzi awe mkali kupita kiasi, ili darasa lione kwamba huwarudisha hata wenye haki. Mafundi wa kompyuta hukabiliwa na tatizo lilo hilo.

Hatua ya nne. Mwalimu aulize: Foleni hii ingejazwa hivi mbele ya dirisha la dawa la zahanati, nani angeumia? Wanafunzi wajibu kwanza. Kisha aeleze kwamba yapo mashindano halali ya udukuzi. Katika mkutano wa DEF CON huko Las Vegas, timu hushambuliana kwa kompyuta zilizotengwa kwa kazi hiyo, na kila mmoja amekubali. Karani wetu naye alikubali. Lakini kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ufundi waweza kuwa ule ule. Idhini ndiyo mpaka.

Tahadhari: Mwalimu asimsifu mdukuzi kama shujaa, wala asiwatishe watoto hata waiogope kompyuta. Miongoni mwao huenda akatoka mlinzi wa mitandao yetu kesho.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini kuongeza madirisha pekee hakutoshi?
2. Katika kata unayofundisha, ni huduma ipi ambayo watu wangeikosa mtandao ukizibwa kwa siku moja? Litayarishie darasa mfano huo.