SOMO: Picha za Msituni kwa Faida ya Usharika



Kamati za mazingira hapa Unyambwa zinapopanga ziara ya mafunzo kwenye msitu wa mvua, tunaulizwa: kamera ni ya nini? Fedha za ziara hutosha nauli ya watu wachache tu. Wengi watajifunza kwa kuona picha. Kwa hiyo picha ni sehemu ya taarifa ya mradi, na inapaswa kuwa ya kweli kama hesabu za mweka hazina.

1. Mahali pa kujifunzia

Tuchukue mfano wa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Kutoka Singida tunapita Dodoma, Morogoro na Mikumi hadi Mang'ula. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992 na ina kilomita za mraba 1,990. Wageni huitembelea kwa miguu. Humo yamo maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170 hivi, na mbega mwekundu wa Udzungwa, ambaye duniani hupatikana tu katika eneo la Milima ya Udzungwa na Bonde la Kilombero.

2. Namna ya kupiga

• Mwanga: Chini ya miti mikubwa ni giza. Egemeza mikono kwenye shina, tulia, ndipo upige. Epuka kuingiza anga jeupe kwenye picha, maana msitu utaonekana mweusi.
• Unyevu: Funga kamera au simu kwenye mfuko wa plastiki na ubebe kitambaa kikavu cha pamba. Lenzi ikipata ukungu, subiri ukauke.
• Wanyama: Usitumie flashi, usiwalishe, usiwafuate. Mnyama akianza kukimbia, umemsogelea mno.

3. Picha inayofundisha

Picha ya maporomoko peke yake husifiwa, kisha husahaulika. Piga mfululizo: matawi yanayopunguza nguvu ya mvua, majani makavu yaliyofunika udongo, mizizi, kijito, halafu mashamba ya Bonde la Kilombero yanayopata maji kutoka milimani. Hapo hata asiyesoma ataona jinsi msitu unavyotunza maji.

Tusisahau watu. Wanavijiji jirani waliruhusiwa kuokota kuni kavu hifadhini hadi mwaka 2011, ruhusa ilipositishwa. Picha ya miti bila jiko la mama anayeishi kando yake ni nusu ya habari. Lakini omba idhini kwanza, na kwa mtoto muulize mzazi. Mtu asipigwe picha ya kumdhalilisha ili wafadhili wahurumie.

4. Tukirudi nyumbani

Unyambwa haitakuwa msitu wa mvua. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua na miezi mirefu ya kiangazi. Hata hivyo somo la udongo uliofunikwa linatuhusu, kwa kuwa maji ya mvua yetu hukimbilia makorongoni. Mwanzo 2:15 panatukumbusha kuwa kulima na kutunza ni wajibu mmoja.

Basi kila kamati ichague sehemu moja: korongo, shamba la miti au kisima. Weka jiwe la alama mahali pa kusimama. Kila mwaka, mwezi uleule, piga picha ukielekea upande uleule. Andika tarehe, mahali na jina la mpigaji kwenye daftari.

Miche ikifa, piga vilevile. Mfadhili ana haki ya kujua, na kamati inahitaji kuona ili iulize sababu: ukame, mchwa, mbuzi, au hakuna aliyemwagilia? Picha tano za miaka mitano, hata zisizopendeza, zitatufundisha kuliko picha moja ya siku ya uzinduzi.

Maswali ya kujadili

1. Ni sehemu gani katika mtaa wenu inafaa kuwekewa jiwe la alama?
2. Nani atatunza picha na daftari viongozi wakibadilika?
3. Je, picha tulizowahi kutuma kwa wafadhili zilieleza ukweli wote?