Mvua Imenyesha, Lakini Nyasi Iko Wapi?

Katika somo la toleo hili tunataka tuangalie kitu tunachokikanyaga kila siku bila kukisalimu, yaani nyasi. Tulipowatembelea wafugaji wa nyanda za Athi-Kaputiei, kule Kajiado, mzee mmoja alituuliza, "Vijana wangu, mvua imenyesha vizuri. Mbona ng'ombe wangu bado wanazunguka wakitafuta?" Tukainama kuangalia. Kijani kilikuwako, tena kingi, lakini hakikuwa cha ng'ombe. Kilikuwa ni ule mmea unaoitwa Ipomoea hildebrandtii, ndugu wa kiazi kitamu, ambao umeenea sana katika malisho ya Kajiado na kuisonga nyasi.

Wengi husema, "Mifugo imemaliza nyasi." Ni kweli kidogo tu. Hebu tuone nyasi inavyoishi.

Ukikata ncha ya mche wa maharagwe, umeuumiza mahali pa kukulia. Nyasi si hivyo. Jicho lake la kuchipua liko chini kabisa, karibu na udongo, na jani husukumwa kutoka huko chini. Ng'ombe akila juu, jicho linabaki salama. Lakini ili kutoa jani jipya, nyasi hutumia chakula ilichoweka kwenye kitako cha shina na mizizi. Ni kama akiba ya nyumbani. Ikipewa wiki kadhaa za kupumzika, inarudisha akiba ile. Ikiumwa tena kabla haijarudisha, na tena, na tena, mizizi hufupika. Kwa macho utaona nyasi bado iko, fupi fupi. Ukame ukija, mizizi haifikii maji, na shina zima linakufa. Mahali lilipokuwa panabaki peupe, matone ya mvua yanapapiga mpaka panakuwa pagumu kama sakafu, na maji yanateremka zake.

Kwa hiyo kinachoua nyasi si meno. Ni kukosa kupumzika. Zamani pumziko lilitokana na kuhama. Mvua ikinyesha watu walikwenda upande huu, kiangazi wakarudi ule, na karibu na boma wakaacha olopololi, kipande cha ndama na wagonjwa. Sheria ya mwaka 1968 ilipoleta ranchi za kikundi, mipaka iliwekwa lakini ndani yake mifugo bado ilitembea. Ugawaji wa ranchi hizo kwa mtu mmoja mmoja ulishika kasi katika miaka ya 1980. Kila mtu akapata hati yake, na hatusemi hati ni mbaya. Watu walikuwa na hofu ya kunyang'anywa, tena hofu yenye sababu. Baada ya hati zikaja ploti, machimbo ya mawe na waya.

Waya unaharibu kwa njia mbili zinazopingana, na hapa tungependa msomaji asiharakishe. Mwenye ekari chache na ng'ombe wengi hulisha palepale Januari mpaka Desemba, na nyasi haipumziki hata siku moja. Jirani yake amenunua ploti, anakaa mjini, na hakuna mnyama anayeingia. Tungedhani huko nyasi imestarehe. Sivyo! Ile nyasi nzuri inayokuwa nyekundu-kahawia ikikomaa, Themeda triandra, isipoliwa wala kuungua kwa miaka mingi hufunikwa na majani yake makavu, jicho halipati mwanga, nayo hudhoofika. Upande mmoja nyasi inakufa kwa kuliwa mno, upande wa pili kwa kutoliwa kabisa, na katikati ni waya.

Kulima ni jambo zito zaidi. Jembe la trekta hung'oa mashina yaliyoishi miaka mingi. Mahindi yakishindwa na shamba likaachwa, Themeda hairudi upesi, maana mbegu zake ni chache na haziendi mbali na mama yao. Zinazotangulia ni nyasi za msimu mmoja na magugu.

Wanyama wa porini nao wametoa ushahidi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyanda hizi zilikuwa na nyumbu makumi ya maelfu, waliotoka Mbuga ya Nairobi wakati wa mvua kwenda kusini. Kufikia 2011 walibaki elfu chache tu. Na wafugaji wenyewe walionja katika ukame uliokuja baada ya mvua kukosa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020. Mwenye waya pande zote hana pa kukimbilia.

Je, tufanye nini? Hati inaweza kubaki yako na malisho yakawa ya pamoja. Majirani watano wakikubaliana, waya wa katikati unatolewa na vipande vinapumzishwa kwa zamu. Kitengela, kuanzia mwaka 2000, kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 za Marekani kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushie ua, wasilime wala kuuza; malipo yalifuata wakati wa karo, na kina mama waliupenda kwa sababu hiyo. Penye upara, panda nyasi za nchi kavu kama Cenchrus ciliaris au Eragrostis superba: chimba mifereji mifupi ya kukinga maji, funika mbegu kwa udongo kidogo sana, na mifugo isiingie mpaka nyasi imwage mbegu.

Kabla ya kuamua lolote, pima. Tembea hatua 100 kwa mstari mmoja katika malisho yako. Kila hatua, angalia ncha ya kiatu imegusa nini: shina la nyasi ya kudumu, gugu, au udongo mtupu. Mtoto aandike. Rudia mstari uleule baada ya mvua ijayo, na mwombe jirani afanye hivyo upande wake wa waya. Mje na karatasi zote mbili kwenye mkutano wa kikundi.