Kujisajili SHA Si Kulipa: Tayarisha Simu Yako Kabla ya Kuugua

Kuna swali ambalo halikosi kurudi, uwe Nyeri mjini, Karatina, Othaya au Nanyuki: "Mimi nilijisajili SHA kitambo. Mbona nikienda kulazwa naambiwa bima yangu haifanyi kazi?" Mara nyingi jibu ni fupi: umejisajili, lakini hujalipa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na yote mawili yanafanyika kwa simu. Leo tuyapitie polepole.

Nini kilibadilika?

NHIF ilianza mwaka 1966, na kwa miaka mingi ukienda hospitali ulibeba kadi. Tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua nafasi yake. Sasa kinachokutambulisha ni namba yako ya kitambulisho, namba yako ya simu na alama za vidole.

Watu wa Nyeri wana historia yao hapa. Desemba 2018, kaunti hii ilikuwa moja ya nne zilizoanza majaribio ya afya kwa wote, pamoja na Kisumu, Machakos na Isiolo. Nyeri ilichaguliwa kwa sababu ya mzigo wa magonjwa kama kisukari na presha. Wakati ule uliandikishwa, ukapata kadi, ukatibiwa kwenye hospitali za umma bila kutoa pesa. Huenda ndiyo maana wengi bado wanaona kuandikishwa kunatosha. Kwa SHA, kunatosha kwa sehemu tu.

Mifuko mitatu, milango mitatu

Mfuko wa kwanza ni wa huduma za msingi. Huu unagharamia matibabu kwenye zahanati na vituo vya afya, yaani kiwango cha 2 na 3. Ukishajisajili tu, mlango huu uko wazi.

Mfuko wa pili ndio bima yenyewe. Huu ndio unaoingia ukilazwa au ukihudumiwa kwenye hospitali kubwa, kwa mfano hospitali ya Karatina au ile ya rufaa ya Kaunti ya Nyeri. Mlango huu unafunguka ukiwa umelipa.

Mfuko wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu. Kwa magonjwa sugu, unasaidia pale kiwango cha bima kinapoisha. Kwa nyumba yenye mgonjwa wa sukari au wa figo, huu si mfuko wa kupuuza, lakini unaufikia kupitia ule wa pili.

Unalipa ngapi, na lini?

Kiwango ni asilimia 2.75 ya mapato, na hakiwezi kushuka chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Mwenye mshahara hukatwa kila mwezi na mwajiri wake. Sisi wengine, mama mboga, boda boda, fundi na mkulima, tunajibu maswali kuhusu nyumba na maisha yetu, kisha mfumo unakadiria mapato. Halafu tunatakiwa kulipa mwaka mzima kwa pamoja.

Hapo ndipo penye shida. Tuseme mkulima wa kahawa wa Mathira amepangiwa kiwango cha chini kabisa: 300 mara 12 ni shilingi 3,600. Malipo ya kahawa yakiingia, pesa hiyo ipo. Lakini karo nayo inangoja, na mbolea, na deni la duka. Akisema "nitalipa baadaye", homa ya mapafu ikimpata mtoto kabla ya malipo mengine, bili ni yake. Anayekunywa dawa za presha kila siku ana sababu kubwa zaidi ya kutongoja.

Sasa gawanya zile 3,600 kwa siku 365. Ni kama shilingi 10 kwa siku. Wazo la kutenga pesa za matibabu ndani ya simu si geni Kenya: M-TIBA ilizinduliwa mwaka 2016 ikiwa mfuko wa simu ambao pesa zake ni za matibabu pekee. Unaweza kufanya vivyo hivyo kwa akiba ya kawaida ya simu: tenga kidogo kila jioni na usiiguse hadi itimie. Na kama huwezi kungoja itimie, mwaka 2025 serikali ilizindua Lipa SHA Pole Pole, mkopo unaolipia mwaka mzima kisha wewe unaurudisha kidogo kidogo. Kumbuka tu, ni mkopo, na mkopo hulipwa.

Fanya hivi wiki hii

1. Piga *147#, hata kwa simu ya mulika mwizi, uhakikishe umesajiliwa. Mwenye simu ya intaneti anaweza kutumia Afya Yangu.
2. Jibu yale maswali ya kukadiria mapato. Usipoyajibu, hutajua kiasi chako.
3. Ongeza mwenzi wako na watoto kama wategemezi. Usidhani wameingia wenyewe.
4. Unamlipia mama kule Mukurweini ukiwa Nairobi? Hakikisha malipo yanaingia kwa namba ya kitambulisho chake, si chako. Soma tarakimu mara mbili kabla ya kuweka PIN.
5. Hifadhi ujumbe wa malipo. Ukisumbuliwa hospitalini, huo ndio ushahidi wako.
6. Umebadilisha laini? Sasisha namba yako mapema, kabla hujafika kwenye dirisha la hospitali.

Chunga pesa zako

Malipo ya SHA hayaendi kwa namba ya mtu binafsi. Mtu akikupigia akidai atakusaidia "kuamsha bima" ukimtumia pesa, au akitaka PIN yako, kata simu. Na kama umepokea ujumbe wenye namba ya siri ya muda mfupi ambayo hukuiomba, usimsomee mtu yeyote. Ukimsomea, unaweza kuwa umemkabidhi idhini ya jambo ambalo hukulifanya.

Tuseme ukweli: simu haiwezi kuleta dawa kwenye zahanati isiyo nazo, wala haitafupisha foleni ya Jumatatu asubuhi. Kazi yake ni kuhakikisha swali la "nani atalipa?" limejibiwa mapema. Kwa hivyo leo jioni, kabla hujalala, piga *147# uangalie umefika wapi. Kisha mwulize jirani na mzazi wako kama na wao wamelipa, au wamejisajili tu.